Tangi la petroli la gari la spoti linavuja: uliza lini kabla ya kuuliza wapi

Tone la petroli huanguka palipo chini, na hapo si lazima pawe palipotoboka. Petroli hutembea. Hushuka na mshono wa tangi, hupita juu ya mkanda wa bati unaolishikilia, huzunguka kichwa cha bolti, ndipo idondoke mbali kabisa na ilikoanzia. Fundi anayelala chini na tochi, akaona tone na kulihukumu tangi papo hapo, mara nyingi hushusha tangi zima ilhali mkosaji ni kipande cha mpira chenye urefu wa kiganja kilichopasuka juu yake. Kwenye gari la spoti uzembe huo unaumiza zaidi, kwa sababu tangi limebanwa mahali pasipofikika kirahisi. Katika Toyota MR2 za vizazi viwili vya mwanzo limelala katikati ya gari, ndani ya handaki la sakafu kati ya viti. Katika Mazda MX-5 ya kwanza liko nyuma ya viti, juu ya difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Katika Porsche 911 liko mbele, chini ya bonet. Katika Lotus Esprit na Ferrari 308 yako mawili, kulia na kushoto, yakiunganishwa na bomba.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, jiulize uvujaji unatokea lini. Tangi likiwa limejaa tu? Injini ikiwaka tu? Kwenye kona? Au kila wakati, hata gari likiwa limelala usiku kucha? Kila jibu linawaachia huru nusu ya watuhumiwa.

Kwanza usiungue

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo usitegemee hali ya hewa ikulinde. Inatosha mvuke ufike takriban asilimia 1.4 ya hewa iliyopo, na cheche yoyote itamaliza kazi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hautapaa utokee dirishani. Utatambaa sakafuni mpaka ukutane na mota ya friji, hita ya maji au jiko lililo chumba cha pili. Ndiyo maana kazi hii haifanywi juu ya shimo la gereji hata siku moja, maana shimo hujaa mvuke na wewe umo ndani.

Lisukume gari nje, usiliwashe. Acha buti, bonet na milango wazi hewa ipite, kisha ndipo utoe waya hasi wa betri. Mpangilio huo una sababu: betri ya 911 iko mbele jirani na tangi, na ya MX-5 za vizazi viwili vya kwanza imo ndani ya buti. Ukichomoa waya huku mvuke umetanda hapo, cheche ndogo ya kichwa cha betri ndiyo kiberiti chenyewe. Taa ya balbu ya kuning'iniza iache. Tumia tochi ya LED, na uiwashe ukiwa mbali kabla hujaingia chini ya gari. Mtungi wa kuzimia moto wa poda au povu uwe karibu na mkono. Maji hayafai, yatasambaza petroli inayowaka.

Halafu hakikisha ni petroli kweli. Weka karatasi nyeupe chini ya tone. Petroli hukauka upesi na kuacha alama hafifu au kutoacha kabisa. Mafuta ya breki au ya difu hubaki yanateleza. Maji ya kiyoyozi hayana harufu. Kichekesho ni kwamba kuna magari yamewahi kuvuliwa sakafu kwa ajili ya maji ya kiyoyozi.

Harufu ipo, tone halipo

Hapa tangi lenyewe ndilo la mwisho kushukiwa. Anza na kifuniko: mpira wake ukikakamaa au ukipata ufa, mvuke unatoka kila jua linapowaka. Kisha fuata mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, pamoja na vipira vyembamba vya kupumulia vinavyopanda kandokando yake. Vipira hivi husahaulika kwa sababu havibebi petroli, hubeba mvuke. Kwenye Datsun 240Z, kwa mfano, vipo vingi, vimefichwa nyuma ya mapambo ya ubavuni kule nyuma ya gari, na ndivyo vya kwanza kushukiwa kabini inaponuka petroli. Vikunje kwa vidole. Kikitoa nyufa ndogondogo pale unapokikunja, kimekwisha, hata kama hakijachanika. Badilisha vyote kwa mkupuo.

Kwa magari ya kisasa ongeza kopo la mkaa, lile linalonyonya mvuke wa tangi na kuurudisha kwenye injini uchomwe. Mkaa wake umekusudiwa mvuke peke yake. Mtu anayeendelea kubonyeza pampu ya kituoni baada ya kukata yenyewe, akitaka tangi lijae mpaka mdomoni, anaisukuma petroli mbichi ndani ya kopo. Utalitambua tatizo hili kwa kisa chake: harufu kali baada ya kujaza, na injini inayosumbua kuwaka ukitoka tu kituoni. Kopo lililolowa mara moja linaweza kupona lenyewe, lililozoeshwa hubadilishwa.

Linavuja likijaa tu

Hii ni dalili nzuri kuliko zote, kwa sababu inakupa kimo. Gari likiwa nje na mbali na moto, weka sinia la chuma chini, na uendelee kuangalia jinsi mafuta yanavyopungua tangini. Pale uvujaji unapokoma, geji inakuambia tundu liko usawa gani. Likivuja likiwa limejaa na kukoma mapema, tafuta juu ya tangi: gasketi ya kipimo cha mafuta, oringi (pete ya mpira) ya pampu, mpira wa kujazia, miguu ya vipira vya kupumulia.

Gasketi ya juu ya pampu inastahili macho mawili. Mtu akiwa amebadilisha pampu karibuni, ulizia kama aliweka oringi mpya. Oringi ya zamani imekwishakunywa petroli na kuvimba. Ukiirudisha inakataa kukaa kwenye mfereji wake, inajikunja upande mmoja, na ringi ya kufungia inaibana hivyohivyo. Ukiigusa kwa kidole utasikia kibonge mahali ilipojikunja, na karibu na hapo vumbi litakuwa limelowa na kugeuka rangi ya chai. Ringi ya plastiki ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kuikaza kwa nyundo na bisibisi huivunja meno, na ringi ya chuma ikigongwa hivyo hutoa cheche.

Kwenye gari la MGB, juu ya tangi kuna adui mwingine. Tangi hilo limening'inizwa chini ya sakafu ya buti, na katikati ya bati hizo mbili hukusanyika matope na maji. Kutu inakula kutoka juu kwenda ndani. Ukilitazama kutoka chini linang'aa kama jipya, na bado likijazwa linatema.

Linavuja injini ikiwaka tu

Ikiwa ni hivyo, acha tangi. Mkosaji yuko kwenye njia yenye presha: bomba la kwenda injini, la kurudi, filta, na maungio yao. Mfumo wa sindano, unaonyunyizia injini petroli badala ya kabureta, hufanya kazi kwa presha ya karibu bar 3 au zaidi, kwa hiyo kitundu kisichoonekana gari likiwa limezimwa kinarusha mvua pale ufunguo unapogeuzwa. Mrusho huo ukipiga ekzosi, hapahitajiki tena maelezo.

Ili kujua bila kuwasha injini, rudisha waya wa betri mvuke ukiwa umetoweka, geuza ufunguo hadi pampu ivume sekunde mbili, uzime, urudie mara kadhaa, huku mwenzako akitazama akiwa pembeni. Kabla ya kufungua ungio lolote, toa presha: chomoa fyuzi au relei ya pampu, washa injini ijizimie yenyewe kwa njaa. Hili lifanyike tu ikiwa uvujaji ni wa jasho, yaani unalowesha tu. Kama petroli inaruka, usiwashe chochote. Zungushia ungio kitambaa kinene na ulilegeze taratibu.

Kuhusu mipira, soma maandishi ya ubavuni. Mpira wa kabureta ulioandikwa SAE J30 (kiwango cha mipira ya mafuta) R6 au R7 haufai kwenye sindano. Hapo unatakiwa R9. Na kipande kinachozama ndani ya tangi lazima kiwe R10, kwa sababu mipira mingine imetengenezwa kustahimili petroli ikiwa ndani yake, si kwa nje. Mtu akiweka R9 ndani ya tangi, baada ya muda inalainika na kuachia, pampu inazungusha mafuta humohumo tangini, gari linakosa nguvu, na kila mtu analaumu pampu. Petroli yenye ethanoli nayo imeongeza balaa hili kwa magari ya zamani: mipira iliyotengenezwa kabla ya mafuta hayo kuenea hukauka au kuvimba upesi. Klempu pia ina neno. Ile ya skrubu yenye matundu kwenye mkanda hukata mpira. Tumia klempu ya mfumo wa sindano, yenye kingo zilizokunjwa.

Linavuja kwenye kona au ukifunga breki

Hii ni dalili ya gari la spoti hasa. Petroli inasukumwa ubavuni kwa nguvu, inapanda hadi usawa ambao gari likitulia haifiki. Kama matone yanatokea upande mmoja baada ya kona ndefu, mkosaji ni bomba la kupumulia la upande huo, au vali inayozuia petroli isimwagike gari likipinduka. Vali hiyo ina gololi au boya dogo ndani. Ikikwama wazi, petroli inapita moja kwa moja.

Kuna jingine la kuudhi zaidi. Ndani ya tangi zimewekwa bati za kuzuia petroli kuyumba, na zimeshikizwa kwenye ukuta kwa nukta za kuchomelea. Kila kona inazivuta. Baada ya miaka ya kuendeshwa kwa fujo, ufa mwembamba unaanza kuzunguka nukta moja. Ufa huo hufunguka tangi linapolemewa na kujifunga linapopumzika, kwa hiyo ukiegesha na kuinama chini huoni kitu isipokuwa duara dogo lililooshwa vumbi. Nukta hizo zimepangwa kwa mstari ulionyooka. Duara likiwa juu ya mstari huo, usihangaike kutafuta penginepo.

Linavuja kila wakati

Sasa tangi linaweza kushtakiwa. Hata hivyo uliza kwanza nani aliliinua gari mara ya mwisho. Gari lililoshushwa springi halina nafasi, na jeki iliyokosea mahali inabonyeza tangi au kuponda bomba lililo pembeni yake. Uliza pia kama ekzosi imebadilishwa. Ekzosi mpya mara nyingi hupita karibu zaidi na tangi, na bati la kukinga joto huachwa nje kwa sababu halikuingia. Tangi la plastiki lililoungua hupata sehemu inayong'aa na iliyolainika upande unaotazama ekzosi. Hapo ukibadilisha tangi bila kurudisha bati, umenunua muda tu.

Kwa tangi la chuma, kutu huchagua mahali pa kukaa. Ndani huanza chini kabisa, penye maji yaliyotulia chini ya petroli, hasa kwenye gari linalokaa bila kutembea. Nje huanza chini ya mikanda na chini ya vitambaa au sponji zilizowekwa ili tangi lisigongwe. Esprit inajulikana kwa hilo: sponji iliyo chini ya matangi hunywa maji na kuyashikilia kwenye bati. Kwa magari ya matangi mawili, zikiwemo Corvette za C5 (kizazi cha tano), usisahau bomba linalounganisha. Likivuja, mafuta ya pande zote mbili yanaweza kutoka kupitia hapo, kwa hiyo kufunga upande mmoja hakusaidii.

Na kama ukifungua kifuniko unasikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia, bomba la kupumulia limeziba. Pampu imekuwa ikinyonya mafuta na hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Tangi linabonyea kuelekea ndani, mshono unachoka, na gari linaweza kuzima kwenye mwendo kasi kisha kuwaka vizuri baada ya kusimama kidogo. Ukiziba mshono bila kuzibua bomba, mshono utaachia pengine.

Kumkamata mkosaji

Safisha eneo lote na likauke kabisa. Kisha paka poda ya chaki au talki juu ya tangi, mipira na maungio. Subiri. Petroli huchora mstari mweusi juu ya weupe, na kilele cha mstari ndicho chanzo. Njia hii haina gharama na inashinda tochi nyingi za bei. Kama poda haionyeshi kitu, kuna rangi ya kuchanganya kwenye petroli inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno.

Tangi likishashushwa, likamwagwa na kuoshwa, lipime kwa hewa. Ziba matundu yote, paka maji ya sabuni, na ujaze kwa pampu ya mkono hadi bar 0.1 au 0.2, basi. Tangi halikutengenezwa kubeba presha. Kompresa ya gereji inaweza kulivimbisha na kulipasua mshono kabla hujageuka.

Kuziba

Uvujaji wa jasho kwenye tangi la chuma unaweza kutulizwa njiani kwa kusugua kipande cha sabuni kikavu kwenye ufa. Petroli haiyeyushi sabuni upesi. Kibonge cha epoksi ya petroli nacho hushika, mradi bati limekwanguliwa hadi chuma kitokee na hakuna unyevu unaopita wakati inakauka, maana yake kiwango cha mafuta kiwe chini ya tundu. Vyote viwili ni vya kukufikisha gereji. Sivihesabu kuwa matengenezo.

Matengenezo ya kweli ya chuma ni kukata palipooza na kuchomelea kipande kipya, na hapa ndipo watu wanapokufa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa lina nafasi ndogo ya mvuke. Tupu ni mvuke mtupu, na mvuke unaendelea kutoka kwenye kutu na mishono hata baada ya wiki kadhaa wazi juani. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Fundi anayejua huliosha kwa maji ya moto na sabuni kali mara nyingi, hutoa kila kitu kinachofunguka, kisha hujaza gesi isiyowaka kama naitrojeni au agoni, au hujaza maji mpaka karibu na sehemu ya kuchomea, na hupima mvuke kwa kifaa kabla ya kuwasha. Kama fundi wako hana jibu la "unapimaje mvuke?", chukua tangi lako uondoke.

Kutu ya ndani ikiwa ya juujuu, huondolewa kwa asidi ya fosforasi au ya sitriki, tangi likasuuzwa, likakaushwa siku hiyohiyo, na kupakwa rangi maalumu ya ndani. Hakikisha rangi hiyo imeandikwa inastahimili ethanoli. Zile za zamani zisizostahimili hubanduka kama maganda na kuziba filta. Wala rangi hiyo haizibi bati lililolika. Ikiwa bisibisi inapenya ukibonyeza kwa mkono, tafuta tangi jipya.

Alumini hupasuka kwenye mishono na kwenye vibano vinavyotikisika. Huchomelewa kwa TIG (uchomeleaji wa umeme chini ya gesi ya agoni) baada ya usafi uleule, na kibano lazima kipewe mpira, la sivyo ufa unarudi pembeni ya ule wa kwanza. Plastiki ni habari nyingine: epoksi haishiki vizuri kwenye polithini, na matangi mengi ya kiwandani yana tabaka za ndani za kuzuia mvuke ambazo kuchomelea hakuzirudishi. Badilisha tu.

Gari la mashindano lenye mfuko wa mpira ndani ya kasha, kwa kiwango cha FT3 cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, lina tarehe juu yake. Mfuko huo ni wa miaka 5, na mtengenezaji anaweza kuuongezea hadi 2 baada ya kuukagua. Sponji iliyomo ndani huchakaa pia. Ukikuta punje za rangi ya sponji kwenye filta, fungua kasha kabla mfuko haujavuja.

Kulirudisha

Weka mipira mipya chini ya mikanda, isiyonywa maji, na uache njia maji yapite. Rudisha bati la kukinga joto. Unganisha betri mwisho kabisa, mvuke ukiwa umetoweka.

Jaza robo, subiri, kagua kwa poda ya chaki. Jaza nusu, kagua. Jaza mpaka pampu ya kituo ikate yenyewe, kisha egesha gari kwenye mteremko pua ikiwa chini kwa saa moja, na pua ikiwa juu kwa saa nyingine. Kama ulalamishi wako wa kwanza ulikuwa wa kona, huu wote hautoshi: tangi likiwa limejaa, zunguka taratibu kwenye uwanja mtupu kushoto na kulia, kila upande kwa muda wa kutosha mafuta yapande ubavuni, simama, kagua tena. Rudia ukaguzi kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu ufa wa nukta ya kuchomelea hutoa jasho lake polepole, na usiku kucha unatosha kuchora mstari kwenye chaki.